Kidonge cha Mtoto, Dawa ya Mama: VVU na Ujauzito katika Nyanda za Juu Kusini

Tumezoea kuisimulia barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, pamoja na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kama sura ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Ni simulizi ya haki. Hata hivyo, njia hizo zinazokutana Makambako na kuendelea hadi Mbeya zina historia nyingine, nayo imeandikwa katika kadi za kliniki za wajawazito.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Utafiti wa kwanza wa kitaifa, wa 2003–04, ulipopima damu za watu wa umri wa miaka 15 hadi 49, wastani wa taifa ulikuwa asilimia 7, ilhali Mbeya na Iringa kila mmoja ulizidi asilimia 13. Miaka minne baadaye Iringa ilikaribia 16 na kuongoza nchi nzima. Utafiti wa 2011–12 uliionyesha Iringa ikiwa na asilimia 9 tu, na wapo walioshangilia. Walisahau kwamba Njombe ilikuwa imehesabiwa peke yake, nayo ilikuwa na karibu 15. Mpaka wa mkoa ulikuwa umehamishwa. Virusi vilikuwa palepale.

Wengi hulaumu madereva wa malori. Mimi naona lawama hiyo ni nyepesi. Tangu enzi za ukoloni, Wabena na Wahehe waliondoka kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, na Wanyakyusa wakavuka mipaka kwenda migodini Kusini. Ndoa zilizoishi kwa kutengana ni za zamani kuliko lami.

Ndani ya ndoa hizo mimba zilitungwa. Virusi havimdhuru mtoto tumboni kwa namna moja. Mwaka 1941 huko Sydney, daktari wa macho Norman Gregg alieleza watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho baada ya mama zao kuugua rubela mwanzoni mwa ujauzito; virusi hivyo huharibu viungo vinapoumbwa. (Chanjo yake iliingia katika ratiba yetu ya taifa mwaka 2014 tu.) VVU ni tofauti. Kondo la nyuma huvizuia kwa muda mrefu, na maambukizi mengi hutokea mwishoni mwa ujauzito, wakati wa uchungu na kujifungua, au baadaye kwa maziwa ya mama. Pasipo dawa yoyote, kati ya watoto 100 wa mama wenye VVU, huambukizwa 15 hadi 45. Waliosalia huponea bila msaada wetu.

Mwaka 1994 utafiti uliofanyika Marekani na Ufaransa ulithibitisha kwamba dawa ya zidovudini ilipunguza maambukizi kwa takriban theluthi mbili. Ratiba yake ilikuwa ndefu, na bei yake haikufikirika kwetu. Ndipo mwaka 1999 yakatoka matokeo ya Kampala: kidonge kimoja cha nevirapini kwa mama uchungu unapoanza, na tone la dawa kwa mtoto ndani ya saa 72, yalipunguza maambukizi kwa karibu nusu yakilinganishwa na zidovudini ya muda mfupi. Mwaka uliofuata Tanzania ilianza majaribio ya huduma ya kuzuia maambukizi ya mama kwenda kwa mtoto katika hospitali chache, na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilikuwa miongoni mwake.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atue. Kidonge kile kilikuwa cha mtoto. Mama alikimeza, akajifungua, akarudi nyumbani na virusi vyake. Mpango wa taifa wa dawa za kufubaza virusi ulianza mwaka 2004, na hata baada ya hapo mjamzito mwenye kinga ya kutosha aliambiwa asubiri. Mwaka 2007 utafiti wa Botswana ulionyesha kwamba wanawake waliomeza kidonge hicho, kisha wakaanza tiba yenye nevirapini ndani ya miezi sita, walishindwa na tiba mara nyingi zaidi, kwa sababu ya usugu. Sera ilimkinga mtoto kwa kukopa kutoka katika tiba ya baadaye ya mama yake, na mama hakuulizwa.

Ratiba zilizofuata zilikuwa bora kidawa lakini ngumu kuzitekeleza. Utafiti wa hospitali ya wilaya ya Kyela, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta kwamba waliokamilisha hatua zote, kuanzia ujauzito hadi baada ya kujifungua, walikuwa wachache mno. Wapo waliosema wanawake hawana nidhamu. Nidhamu gani itamfikisha hospitali mwanamke anayeshikwa na uchungu usiku kijijini, mvua za Kyela zikinyesha?

Mwaka huohuo Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, ilifanya uamuzi ambao mataifa tajiri hayakuwa yameuthubutu: kila mjamzito mwenye VVU aanze dawa mara moja na aendelee nazo maisha yake yote. Tanzania ilifuata kuanzia mwaka 2013. Kwa mara ya kwanza mama alitibiwa kama mgonjwa mwenye haki yake, na mtoto akanufaika zaidi kuliko alipolengwa peke yake.

Dawa hizo zililipiwa kwa sehemu kubwa na wageni. Mpango wa Rais wa Marekani ulioanzishwa mwaka 2003 ndio uliobeba huduma nyingi, na Mbeya ilihudumiwa kwa miaka mingi kupitia taasisi ya jeshi lao ya Walter Reed. Januari 2025 amri ya Washington ilisimamisha misaada, kisha baadhi ikaruhusiwa kuendelea. Utafiti wa 2022–23 ulikuwa umeikuta Iringa na asilimia 11 ya watu wazima wenye VVU na Mbeya karibu 10, taifa likiwa na 4.4. Mjamzito anayekatiziwa dawa, virusi hupanda tena katika damu yake ndani ya wiki chache, wakati mimba huchukua miezi tisa na kunyonyesha huweza kufika miaka miwili. Mjadala wa bajeti ya afya bungeni ungefaa kuanzia kwenye hesabu hiyo.