Bahasha ya Salzburg: Historia Ndani ya Stempu za Mavazi

Wapenzi wa lugha na ushairi, leo naomba niwatoe kidogo katika vina na mizani, niwafungulie albamu yangu ya stempu. Nilianza kuzikusanya nikiwa chuo cha ualimu, pale mkufunzi wetu wa Historia aliponipa stempu chache za Austria alizozibandua katika barua zake. Zilikuwa na picha za wanawake kwa wanaume waliovaa mavazi ya kimila ya majimbo yao: kofia zenye unyoya, vizibao vya tarizi, aproni na vilemba vya hariri. Nilizipenda kwa uzuri wake. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba nilikuwa nikizitazama bila kuzisoma.

Kwanza nitaje neno linalotukaribisha katika habari hii. Hela tunayoihangaikia kila siku imetokana na Heller, jina ambalo Wajerumani waliipa sarafu ndogo ya koloni lao la Afrika Mashariki mwaka 1904. Heller ndilo neno lililochapwa pia katika stempu za Austria mwanzoni mwa karne ya 20. Mkusanyaji wa Kiswahili akiliona humo hukutana na jamaa yake wa mbali.

Mavazi hayo kwa Kijerumani huitwa Tracht, neno lenye shina moja na kitenzi tragen, yaani kubeba au kuvaa. Nasi tumepata vazi kutokana na kuvaa. Gauni maarufu la kike huitwa dirndl, neno ambalo asili yake lilimaanisha msichana, kisha jina likamtoka mvaaji likahamia kwenye vazi. Tunaojua kwamba kanga ni ndege kabla ya kuwa nguo hatutashangazwa na safari hiyo.

Sasa tuingie katika historia yenyewe. Mwaka 1918 dola kubwa ya Austria na Hungaria ilisambaratika, ikabaki nchi ndogo ambayo wengi wa raia wake hawakuwa na hakika kama ingeweza kusimama peke yake. Mwaka 1934, chini ya serikali ya kimabavu iliyokwisha kulifunga bunge, posta ilianza kutoa mfululizo wa stempu za mavazi ya majimbo. Ujumbe wake ulikuwa wazi: sisi ni watu wa kale, tuna mila, tuna mahali petu. Hata hivyo, Burgenland, mojawapo ya majimbo yaliyoonyeshwa, lilikuwa limejiunga na Austria mwaka 1921 tu, likitokea Hungaria. Mavazi yake yalikuwa ya zamani. Jimbo lenyewe lilikuwa na umri wa mtoto wa miaka 13.

Hapo ndipo nilipokosea nikiwa mwalimu. Kwa miaka mingi niliwaonyesha wanafunzi wangu stempu hizo na kuwaambia, "Hawa ni watu walivyokuwa tangu enzi, kabla ya siasa kuingia." Nilikuwa nawafundisha picha, si historia.

Aliyenizindua ni mmoja wa wanafunzi haohao. Alikwenda kusoma Vienna, na aliporudi likizo akaniletea bahasha kuukuu aliyoinunua katika soko la vitu vya zamani. Ilikuwa na muhuri wa Salzburg wa Julai 1938. Juu yake zilibandikwa stempu mbili kwa pamoja: moja ya vazi, yenye jina la Austria; nyingine ya Ujerumani, yenye kichwa cha Hindenburg. Akaniuliza, "Mwalimu, barua moja inawezaje kuwa na nchi mbili?"

Jibu lake ni hili. Tarehe 12 Machi 1938 majeshi ya Hitler yaliingia Austria, na nchi ikamezwa na Ujerumani. Stempu za Austria ziliachwa zitumike hadi mwisho wa Oktoba mwaka huo, hata sambamba na za Kijerumani, shilingi moja na nusu ya Austria ikihesabiwa kuwa sawa na maki moja. Baada ya hapo ziliondolewa, na muda si mrefu hata jina la Austria likafutwa.

Lakini bahasha ile ilikuwa na jambo zito zaidi, nililolijua nilipoanza kusoma habari za mji ule. Mwezi Juni 1938, wiki chache kabla ya muhuri ule kupigwa, polisi wa Salzburg waliwapiga marufuku Wayahudi kuvaa hadharani mavazi ya kimila ya milimani: suruali za ngozi, dirndl, kofia za Tirol. Vazi lililochapwa katika stempu kama sura ya nchi nzima likageuzwa kuwa ukuta.

Ukuta huo ulijengwa pia dhidi ya waliolitunza vazi lenyewe. Konrad Mautner, aliyetoka katika familia ya Kiyahudi ya wenye viwanda vya nguo Vienna, alitumia miaka mingi kando ya ziwa la Grundlsee, Styria, akikusanya nyimbo za wanavijiji na kuandika habari za mavazi yao. Alifariki mwaka 1924. Mjane wake, Anna, aliyekuwa akichapa vitambaa kwa mkono kwa mtindo wa eneo hilo, alilazimika kukimbilia Marekani. Sisi tunaokusanya mashairi ya vijijini tunajua uzito wa kazi ya Mautner. Aliyeandika nyimbo za watu kwa upendo, jamaa zake waliambiwa kwamba si watu wa pale.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Austria ilirejea. Mwaka 1948 posta yake ilianza kutoa mfululizo mpya wa mavazi, safari hii kwa jina la Jamhuri. Nchi ilikuwa bado imegawanywa na madola manne: Tirol chini ya Wafaransa, Salzburg chini ya Wamarekani, Kärnten chini ya Waingereza, Burgenland chini ya Wasovieti. Katika stempu majimbo hayo yalikaa pamoja, miaka saba kabla ya mkataba wa 1955 uliorudisha uhuru kamili. Mavazi yaleyale yaliyotumiwa kubagua yakatumiwa tena kuunganisha.

Siku moja, nikiirudisha bahasha ile mahali pake, niliandika ubeti huu:

*Vazi halina lawama, haliwezi kuchagua,*
*Fundi alipolifuma, yeye hakuyatambua,*
*Mwenye nguvu akasema, ni nani wa kulivua,*
*Ndipo picha ya heshima, ikawa ya kubagua.*

Bado nazikusanya stempu hizo, na bado nazipenda. Ila sasa, kila nikishika kibano na kuinua mojawapo, natazama mwaka wake kabla ya uzuri wake, kisha najiuliza ni nani aliyekatazwa kulivaa vazi lile. Wanafunzi niliowaambia vinginevyo ni watu wazima leo. Ikiwa mmoja wao anasoma makala haya, namwomba apokee somo hili mahali pa lile la kwanza.