Ahadi za gharama ya maisha: Mpigakura azipime vipi?

KILA uchaguzi mkuu unapokaribia nchini Kenya, pakiti ya unga wa mahindi hugeuka kuwa kipimo cha siasa. Mnamo Mei 2017, takriban miezi mitatu kabla ya kura ya Agosti 8, serikali ilitumia ruzuku kuteremsha bei ya pakiti ya kilo mbili hadi Sh90. Hali hiyo ilijirudia Julai 20, 2022, zikiwa zimesalia wiki tatu tu kabla ya kura ya Agosti 9, ilipotangazwa kwamba pakiti iliyokuwa imefika Sh205 ingeuzwa kwa Sh100 kwa muda wa wiki nne. Katika maduka mengi unga huo wa bei nafuu haukuonekana.

Kwa mwananchi wa kipato cha chini, bei hiyo si hoja ya jukwaani. Familia inayomaliza pakiti moja kwa siku mbili hununua pakiti 15 kwa mwezi. Kwa bei ya Sh205, gharama ni Sh3,075. Kwa Sh100 ni Sh1,500. Tofauti ya Sh1,575 ndiyo nauli, mafuta ya kupikia na sabuni. Ndiyo maana uchaguzi wa 2022 unafaa kuchunguzwa upya na yeyote anayetaka kupima ahadi za 2027, kwani miungano miwili mikuu ilimwekea mpigakura huyu njia mbili zilizotofautiana waziwazi.

Muungano wa Azimio la Umoja-One Kenya, ulioongozwa na marehemu Raila Odinga, uliahidi posho ya Sh6,000 kila mwezi kwa familia milioni mbili maskini zaidi. Kenya Kwanza chini ya William Ruto nao uliahidi Sh50 bilioni kila mwaka za kuwakopesha wafanyabiashara wadogo, na ukashikilia kwamba fedha za umma zisaidie uzalishaji, hasa kupitia mbolea ya bei nafuu, badala ya kupunguza bei ya bidhaa zikiwa dukani.

Hesabu ya posho haihitaji mtaalamu. Sh6,000 kwa familia milioni mbili kwa miezi 12 ni Sh144 bilioni kwa mwaka. Bajeti nzima ya 2022/23 ilikuwa takriban Sh3.3 trilioni, kwa hivyo ahadi hiyo haikuwa ndoto, wala haikuwa jambo dogo. Swali gumu zaidi lilikuwa ni nani angeingia katika orodha. Sensa ya 2019 ilipata familia takriban milioni 12.1, yaani posho ingefikia familia moja tu kati ya kila sita. Fundi wa mjengo au mchuuzi aliyeshangilia ahadi hiyo mkutanoni angefaa kujiuliza kwanza iwapo yeye ni wa sita huyo.

Sh50 bilioni nazo, zikigawanywa kwa wapigakura milioni 22.1 waliosajiliwa mwaka huo, ni takriban Sh2,260 kwa kila mmoja. Tena ni mkopo. Hazina ya Hustler ilipozinduliwa Novemba 30, 2022, ilitoa mikopo ya kuanzia Sh500 hadi Sh50,000 kwa riba ya asilimia nane kwa mwaka, huku asilimia tano ya mkopo ikitengwa kuwa akiba. Aliyeidhinishiwa Sh500 alipokea Sh475. Riba hiyo ni nafuu mno ikilinganishwa na ya wakopeshaji wengi wa simu, lakini mkopo haupunguzi bei ya unga hata kwa senti moja. Humwezesha mtu kuinunua bidhaa leo na kuilipia baadaye.

Ahadi ya mbolea ndiyo iliyokuwa na uzito zaidi, na pia ndiyo iliyodai subira zaidi. Baada ya kuapishwa Septemba 13, 2022, Rais Ruto alisema ruzuku ya mafuta ilikuwa imewagharimu walipa kodi Sh144 bilioni (kiasi kile kile ambacho posho ya Azimio ingehitaji kwa mwaka mmoja) na ruzuku ya unga Sh7 bilioni kwa mwezi mmoja bila manufaa. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 uliteremshwa kutoka takriban Sh6,500 hadi Sh3,500, na mwaka 2023 ukafika Sh2,500.

Hata hivyo, mahindi hayafuati kalenda ya siasa. Katika kaunti za Trans Nzoia na Uasin Gishu, zao kuu hupandwa kati ya Machi na Aprili na kuvunwa kuanzia Oktoba. Kwa hivyo, mpigakura wa mjini aliyechagua njia ya mbolea Agosti 2022 alikuwa, ajue asijue, anakubali kungoja zaidi ya mwaka mmoja. Katika kipindi hicho cha kungoja, ushuru wa VAT kwa mafuta uliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mnamo Julai 2023, na kufikia Septemba lita ya petroli jijini Nairobi ilikuwa Sh211.64.

Mavuno yalikuja. Takwimu za serikali zilionyesha uzalishaji ukipanda kutoka magunia milioni 34.3 mwaka 2022, mwaka wa ukame mkali, hadi milioni 47.6 mwaka 2023, na bei ya unga ikashuka. Ni kiasi gani kilitokana na mbolea na kiasi gani na mvua iliyorejea? Wanasiasa wa kila upande wana jibu lao, na hakuna anayetaja mvua akiwa serikalini. Kisha Machi 2024 ikazuka kashfa ya mbolea ghushi iliyouzwa kwa wakulima katika mpango huo huo wa ruzuku.

Kuna jambo jingine ambalo wawaniaji hulitaja kwa nadra. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, ilhali kura hupigwa Agosti. Mshindi huanza kazi akiwa na bajeti iliyotayarishwa na mtangulizi wake. Ile ya 2022/23 ilisomwa Bungeni Aprili 7, 2022. Anayeahidi nafuu katika siku 100 za kwanza ni lazima aeleze ni fungu lipi atalipunguza katika bajeti ya ziada.

Isitoshe, rais hatozi kodi peke yake. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi inayoweza kutozwa ila kwa sheria, hivyo kura ya mbunge nayo ni kura ya bei. Ukulima umegatuliwa kwa kiasi kikubwa, na ada ambayo mama mboga hulipa sokoni kila asubuhi, pamoja na leseni ya biashara, huwekwa na kaunti kupitia sheria inayopitishwa na madiwani. Anayetaka kujua msimamo wa diwani wake kuhusu gharama ya maisha anaweza kuanza kwa kumuuliza alivyopigia kura Mswada wa Fedha wa kaunti.