Mtoro Alitoroka Nini?

Katika kliniki za kifua kikuu na za VVU, mgonjwa asiyetokea tarehe yake ya kurudi huitwa mtoro. Mhudumu wa jamii huagizwa amfuate nyumbani, na mwisho wa mwezi hesabu hufungwa: watoro wangapi, waliorudi wangapi. Neno ni fupi na kila mtu analijua tangu shuleni. Ndiyo maana linakuja na fimbo yake.

Kwa upande wa kifua kikuu, anayehesabiwa hivyo ni mgonjwa ambaye hakuanza matibabu, au aliyeyaacha kwa miezi 2 mfululizo au zaidi. Tiba ya kawaida ni ya miezi 6: dawa nne kwa miezi 2 ya kwanza, kisha mbili kwa miezi 4. Kikohozi hutulia mapema, mtu akajiona mzima, kumbe vimelea bado vimo. Hapa mwendelezo ndio tiba yenyewe. Ukikatika, usugu wa dawa unapata mlango.

Zamani Shirika la Afya Duniani nalo lilimwita mgonjwa huyo kwa jina la mkopaji asiyelipa deni. Mwaka 2013 lililiacha, likachagua maneno yenye maana ya “aliyepotea katika ufuatiliaji”. Lawama ikapungua, maana kufuatilia ni kazi ya kliniki. Baadhi ya ripoti za Kiswahili zikaandika hivyo. Midomo ikabaki na utoro.

Pwani neno hili lina umri mkubwa. Watoro wa karne ya 19 walikuwa watumwa waliokimbia mashamba, wakajenga vijiji vyao bara, Fuladoyo kikiwamo. Hao hakuna haja ya kuuliza walikimbia nini. Mgonjwa ndiye hatumuulizi. Pengine nauli ya kwenda na kurudi inameza kibarua cha siku mbili. Pengine alikaa foleni tangu alfajiri, akaambiwa dawa zimeisha. Pengine ni mvuvi aliyekwenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, bila barua ya uhamisho, na huko aliko anameza vidonge kila siku: rejista moja inamwita mtoro, nyingine mgonjwa mpya.

“Aliyepotea” nalo halinikai vizuri, kwa kuwa majirani wote wanajua alipo. “Aliyekatiza” linamshikisha kisu yeye peke yake. Lakini Kiswahili kina kufiwa, kuishiwa, kuharibikiwa. Tukisema dereva ameharibikiwa na gari njiani, hatujaamua kama alisahau kutia oili au fundi alimdanganya; tumesema tu kwamba amekwama. Basi mgonjwa huyu na aitwe aliyekatikiwa na matibabu.

Si suala la adabu tu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wagonjwa wa VVU walio imara wapewe dawa za miezi 3 hadi 6 kwa mara moja. Aliyekuwa akisafiri mara 12 kwa mwaka anaweza kusafiri mara 2. Hapo kilichorekebishwa ni ratiba. Mgonjwa ni yuleyule.

Safu ya rejista ikiandikwa “watoro”, swali linalofuata ni wamejificha wapi. Ikiandikwa “waliokatikiwa”, pembeni yake itahitajika safu nyingine: kwa sababu gani?