Ahadi ya Maandishi kwa Wavuvi wa Fukushima

Sisi tuliokimbia makwetu tunajua uzito wa ahadi. Ndiyo maana leo tunawaletea habari ya wavuvi wa Japani.

Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko na tsunami viliharibu kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi. Watu zaidi ya 150,000 wakahama. Maji ya kupoza fueli iliyoyeyuka yakashika mionzi, yakawekwa kwenye matangi, mpaka matangi yakapita 1,000.

Mwaka 2015 serikali na kampuni ya TEPCO waliwaahidi wavuvi kwa maandishi kwamba maji hayatamwagwa bila wahusika kuelewa. Kumbe Aprili 2021 serikali ikaamua yaende baharini. Tarehe 24 Agosti 2023 yakaanza kumwagwa, wavuvi bado wanapinga.

Tuseme ukweli: maji yanachujwa kwanza, kinachobaki hasa ni tritiamu, nayo inazimuliwa kwa maji mengi ya bahari. Shirika la atomiki la kimataifa, IAEA, lilisema mpango unafuata viwango vya usalama. Lakini wavuvi waliuliza, samaki wetu nani atanunua? Siku ileile China ikazuia samaki wa Japani. Septemba wavuvi na wakazi wengine wakaenda mahakamani.

Basi kipimo cha maabara ni kitu kimoja, ridhaa ya watu ni kitu kingine. Na sisi huku kambini, tukiitwa mkutanoni, tujiulize: tunaulizwa, ama tunaambiwa tu?