Tundu, Kiota na Kuatamia: Historia Fupi ya Kuchunguza Uzazi wa Ndege

Wengi wetu hutumia maneno "tundu" na "kiota" kana kwamba ni neno moja. Katika mazungumzo hapana hasara. Katika taarifa ya mchunguzi wa ndege wa porini hasara ni kubwa. Historia yatuonyesha sababu.

Mwaka 1890 Emin Pasha, akiwatumikia Wajerumani, alianzisha kituo cha Bukoba, na mwaka uliofuata akapita Karagwe, kaskazini ya nchi ambayo leo ni wilaya za Ngara na Biharamulo. Alikuwa mkusanyaji hodari wa ndege. Lakini wakusanyaji wa zama zile walipeleka Ulaya hasa ngozi zilizokaushwa, na ngozi hueleza rangi na umbo tu. Haielezi malezi ya makinda.

Kazi ya kukaa na kutazama ilistawi Amani, katika milima ya Usambara, alikofanya kazi Reginald Moreau tangu 1928 hadi 1946. Mwaka 1941 yeye na mkewe Winifred walichapisha uchunguzi wao juu ya uzazi wa hondohondo. Ndege huyu hutaga katika tundu la mti. Jike huziba mlango kwa udongo akiwa ndani, ukabaki ufa mwembamba, na dume humlisha kwa ufa huo. Mtazamaji haoni mayai wala makinda. Aonacho ni dume ajaye na chakula.

Hapo ndipo istilahi zinapopimwa. Tukiandika "ndege yumo tunduni", msomaji ataelewa nini: amefugwa, amejificha, au analea? Vivyo hivyo, ndege alaliaye mayai na yule awafunikaye makinda huonekana sawa kwa mbali, ingawa kazi zao ni mbili.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Askari wa hifadhi na walimu wa Ngara na Biharamulo huandika kwa Kiswahili. Yafaa tuwape maneno yasiyogongana. Twapendekeza "kiota" kiwe mahali pa kutagia na kulelea, hata kikiwa ndani ya tundu. "Tundu" libaki kuwa uwazi wenyewe. "Kuatamia" kuhusu mayai peke yake. Na "kufunika" kuhusu makinda. Na pale jicho lisipofika, mwandishi aseme alichokiona: dume alileta chakula. Kuandika "jike anaatamia" ni kukisia, na kisio lisivikwe vazi la ushahidi.