Upepo unapomdanganya rubani

Wadau, hivi karibuni mhariri alinituma Mafia. Ndege ilikuwa ndogo, nami nikapata kiti nyuma ya rubani. Ilipokata kona kuelekea uwanjani, kusi ikivuma, niliona minazi inakwenda upande, kana kwamba ndege inateleza. Nikashika kiti. Rubani wala hakushtuka: macho yake yalikuwa kwenye kipima kasi.

Niliporudi Dar nikaanza kusoma, nikakutana na habari ya Cory Lidle, mrusha mpira wa timu ya besiboli ya New York Yankees. Tarehe 11 Oktoba 2006 yeye na mwalimu wake wa urubani waliruka na Cirrus SR20 juu ya East River, New York, chini chini, majengo marefu yakiwa kando. Mbele ilikuwepo anga ya uwanja wa LaGuardia, na huko huingii bila ruhusa. Ikabidi wageuze.

Mto pale una upana wa mita kama 640. Walikuwa karibu na katikati, wakakata kushoto, huku upepo wa mashariki wa kilomita kama 24 kwa saa ukiwasukuma kuelekea Manhattan. Upepo peke yake ulikula mita kama 120 za nafasi. Ndege ikagonga jengo la ghorofa, wote wawili wakafariki.

Sasa sikilizeni ujanja wa upepo. Ndege husafiri ndani ya hewa kama mtumbwi ndani ya mkondo. Ikiwa na kasi ya kilomita 160 hewani, upepo huo ukitoka nyuma, juu ya ardhi inapita kwa 184. Ukiwa juu sana huoni tofauti. Ukiwa chini, majengo yanakukimbilia na macho yanasema: punguza! Ukiyatii, bawa linakosa hewa ya kulibeba. Duara nalo linapanuka, unashawishika kulilaza bawa zaidi. Ukilaza nyuzi 60 bila kushuka, bawa linabeba uzito mara mbili.

Haya hayakuwa siri. Wolfgang Langewiesche aliyaeleza mwaka 1944 katika Stick and Rudder, miaka 62 kabla ya ajali ile.

Mdau uliyewahi kuvuka mto kwa mtumbwi unajua: mkondo ukiwa mkali, unaanzia juu ili ufike unapotaka. Wangeanzia ukingo wa mashariki, wangekuwa na mto mzima wa kugeuzia.