Watathmini Wawili wa Mswada Mmoja: Royal Society ya London, 1831–1832

Mtafiti apelekaye mswada kwenye jarida la kitaalamu huijua desturi: mswada husomwa na wataalamu wawili ambao majina yao hayatajwi, nao humshauri mhariri auchapishe, aurudishe usahihishwe, au aukatae. Desturi hiyo imezoeleka hata hudhaniwa kuwa ilizaliwa pamoja na majarida yenyewe. Sivyo ilivyokuwa. Philosophical Transactions, jarida la Royal Society ya London, lilianza Machi 1665 chini ya Henry Oldenburg, ambaye alichagua mwenyewe yaliyofaa kuchapwa. Tangu 1752 uteuzi ulikabidhiwa kamati iliyopiga kura ya siri, na mwandishi hakuelezwa sababu ya kukubaliwa wala ya kukataliwa. Ripoti iliyoandikwa na wasomaji walioteuliwa ilikuja katika chama hicho baadaye sana, na mwaka wake wa kwanza ulikuwa mwaka wa mabishano.

Chama chenyewe kilikuwa katika hali ya kushambuliwa. Mwaka 1830 Charles Babbage alichapisha kitabu cha kulalamikia kudidimia kwa sayansi Uingereza, na Royal Society haikusalimika katika kitabu hicho. Novemba ya mwaka huo huo, wanachama walimchagua Mtawala wa Sussex, ndugu wa mfalme, kuwa Rais wao kwa kura 119 dhidi ya 111 za mwanafalaki John Herschel. Waliotaka mabadiliko walishindwa, lakini kwa tofauti ndogo iliyowalazimu washindi kuonyesha kwamba wao pia wanajali elimu.

Hapo ndipo William Whewell, mwana wa seremala aliyepanda hadi kuwa mwalimu wa Trinity College huko Cambridge, alipoleta pendekezo lake mwanzoni mwa 1831. Aliutazama mfano wa Paris, ambako Chuo cha Sayansi kilikuwa kikiteua wanachama wachache kuchunguza kazi iliyoletwa na kusoma ripoti yao mbele ya wenzao. Alitaka London nayo ifanye hivyo, na ripoti hizo zitiwe sahihi na kuchapwa katika Proceedings, taarifa mpya ya chama. Yafaa kusisitiza kwamba Whewell hakuwa akitafuta mlinzi wa mlango. Ripoti, kwa maoni yake, ingemhakikishia mwandishi kwamba kazi yake imesomwa kwa makini, na ingewaeleza wasio wataalamu mahali pa kazi hiyo katika jengo zima la elimu. Alitumaini hata kwamba mara nyingi ripoti ingependeza kuliko makala yenyewe.

Mswada uliochaguliwa kuwa wa majaribio ulikuwa wa George Biddell Airy, profesa wa falaki wa Cambridge. Airy alikuwa amegundua kwamba, kwa kuwa mizunguko 13 ya Zuhura kulizunguka jua inakaribia sana kulingana na mizunguko 8 ya dunia, sayari hizo mbili huvutana kwa namna inayojirudia, na mwendo wa kila moja huyumba kidogo mno katika kipindi cha miaka 240 hivi. Hesabu zake zilikuwa ndefu na za kuchosha. Wasomaji wawili waliteuliwa: Whewell mwenyewe, na John William Lubbock, mwenye benki kijana aliyekuwa pia mwanahesabu na mweka hazina wa chama. Wote watatu, yaani mwandishi na wasomaji wake, walikuwa wamepitia Trinity. Hali ambayo haitamshangaza yeyote anayekijua chuo kikuu kidogo.

Whewell aliandika rasimu iliyoutukuza ugunduzi na kueleza historia ya tatizo tangu Newton. Lubbock alikataa. Yeye alikuwa ameshika kalamu na kuzifuata hesabu mstari kwa mstari, akaona kasoro katika namna Airy alivyozipanga, na hakuelewa jinsi mtu awezavyo kutia sahihi chini ya sifa tupu ilhali kasoro hizo anazijua. Alimjulisha Airy mapendekezo yake; Airy alichukizwa, akakataa kubadili. Barua zikaenda na kurudi. Whewell alishikilia kwamba kazi yao haikuwa kuwinda makosa. Lubbock alishikilia kwamba kusoma bila kukagua si kusoma.

Ni vigumu kumlaumu Lubbock. Ripoti ya Whewell ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hakukagua hata mlinganyo mmoja, na sifa ya aina hiyo, ikitolewa na rafiki wa mwandishi, ina uzito mdogo. Lakini Whewell naye alikuwa ameona jambo: kwamba mswada mzuri unaweza kufa kwa kukosa mtu wa kuueleza, na kwamba mkaguzi anayetia jina lake hupima maneno yake.

Mwishowe Lubbock alilegeza msimamo. Ripoti ya Whewell, yenye sahihi za wote wawili, ilisomwa mkutanoni Machi 1832 na kuchapwa katika Proceedings. Kwa macho ya nje Whewell alishinda. Hata hivyo ripoti za hadharani hazikudumu. Baada ya mwaka mmoja hivi zilianza kutoweka. Kuandika ripoti kuliendelea, lakini sasa zilikuwa za siri, zikiishia mikononi mwa katibu na kamati, na lengo lao likawa lile la Lubbock: kutafuta makosa. Ajabu ni kwamba Lubbock hakuomba siri. Alimwandikia Airy waziwazi kwa jina lake. Kilichosalia kilichukua ukali wa mmoja na kuacha uwazi wa wote wawili.

Makala ya Airy ilitoka katika Philosophical Transactions ya 1832, na mwaka uliofuata Royal Astronomical Society ilimtunukia nishani ya dhahabu kwa ugunduzi huo. Whewell na Lubbock hawakukosana. Katika miaka iliyofuata wote wawili walijishughulisha na kujaa na kupwa kwa bahari.